Gion Matsuri ya Kyoto: kiti nilicholipia na kona niliyosimama bure

Nimehudhuria sikukuu ya Gion mjini Kyoto mara mbili: mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye kiti nilichokilipia, mara ya pili nikiwa nimesimama barabarani bila kutoa hata yeni moja. Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo inayonifanya niandike, kwa kuwa anayepanga safari ya Julai hukutana kwanza na matangazo ya viti, na matangazo hayo hayamwambii kwamba maandamano ya asubuhi, ambayo ndiyo yanayokatiwa tiketi, ni kazi ya kusafisha njia, na kwamba mwenye njia hupita jioni.

Sikukuu hii ni ya hekalu la Yasaka, la dini ya Shinto, nayo huchukua mwezi mzima wa Julai. Chanzo chake ni maradhi. Mwaka 869, watu walipokuwa wakifa kwa maradhi ya mlipuko, ilisimamishwa mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo la Japani ya wakati ule, ili kuzituliza roho zenye hasira zilizoaminika kuleta balaa hilo. Kutokana na mikuki hiyo yalizaliwa magari makubwa ya mbao ya leo, yale makubwa zaidi yakiitwa hoko na madogo yakiitwa yama. Tarehe 17 Julai hupita 23, na tarehe 24 hupita mengine 11. Hoko kubwa ina uzito wa takriban tani 12 na ncha yake hufikia mita 25 hivi kutoka ardhini, na mbao zake zimeshikanishwa kwa kamba za majani ya mpunga bila msumari. Kwa mtu anayejua kazi ya kufunga jahazi au kuezeka nyumba, mafundo hayo peke yake yanatosha kumsimamisha nusu saa.

Sasa kiti. Viti vya kulipia hupangwa kando ya barabara ya Oike, na changu kilinigharimu yeni elfu nne na kitu, pamoja na kijitabu cha maelezo. Ni kiti cha kukunja kilichowekwa juu ya lami, bila kivuli, na mwavuli hauruhusiwi kwa sababu unamziba aliye nyuma. Nimekulia Tanga na nilidhani hakuna wa kunifundisha joto lenye unyevu, lakini Kyoto imezungukwa na milima pande tatu, na hewa ya Julai hukaa pale kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa. Maandamano ya tarehe 17 huanza saa 3:00 asubuhi kwenye makutano ya Shijo na Karasuma, upande mwingine kabisa wa njia, kwa hiyo aliyeketi Oike husubiri zaidi ya saa nzima kabla ya kuona gari la kwanza. Tena Oike ni barabara pana mno: hoko ambayo kwenye kichochoro ingeonekana kama mnara unaotembea, pale inaonekana kama kitu cha kawaida kilicho mbali.

Sitasema nilipoteza fedha zote. Ukiwa umekaa unapata utulivu wa kutazama vitambaa vinavyotundikwa kwenye magari, na hapo ndipo kiti kilinilipa sehemu ya deni langu. Hoko iitwayo Kanko ina pambo la mbele lililofumwa Ubelgiji katika karne ya 16, nalo linamwonyesha Rebeka akimpa maji mtumishi wa Ibrahimu. Hadithi anayoijua kila mtoto aliyepitia shule ya Jumapili inavutwa kwa kamba katika sikukuu ya miungu ya Japani, na imekuwa ikivutwa hivyo tangu enzi ambayo Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku nchini humo. Nilitamani kujua ni wangapi kati ya wafanyabiashara wa wakati ule walioelewa ni nani yule binti mwenye mtungi.

Kwa hiyo nampendekezea kiti hicho mzee, mjamzito au mtu asiyeweza kusimama muda mrefu, mradi avae kofia pana na abebe maji ya kutosha. Kuhusu viti vya daraja la juu, ambavyo mwaka 2023 viliuzwa kwa yeni 400,000 kimoja, sina la kusema zaidi ya kwamba kuhani mkuu wa Yasaka alijitokeza baadaye kulalamika kwamba sikukuu si onyesho la burudani. Naafikiana naye.

Mara ya pili nilifika kona ya Shijo na Kawaramachi kabla ya saa 2:00 asubuhi, nikapata nafasi safu ya tatu. Gari linaloongoza siku zote tarehe 17 ni Naginata, na ndilo pekee linalobeba mtoto aliye hai. Mengine yenye nafasi ya mtoto hubeba mwanasesere. Kabla ya kufika pale nilipokuwa, mtoto huyo huikata kwa upanga kamba takatifu iliyofungwa kukatiza barabara, na baada ya hapo msafara unaingia.

Hoko haina usukani. Magurudumu yake ya mbao, yenye kimo kinachokaribia mita 2, yanajua kwenda mbele na kurudi nyuma tu, na kona ile ni ya nyuzi 90. Wanaume wakaja mbio na mianzi mibichi iliyopasuliwa, wakaipanga chini ya magurudumu ya mbele, wakaimwagia maji hadi ikang'aa. Kamba zikahamishwa upande. Watu wawili waliosimama mbele ya gari wakanyanyua mapepeo yao ya mkononi, wakapaza sauti, na mamia ya mikono ikavuta kwa pamoja. Gari lilitoa mlio wa mbao zinazosagana, likateleza ubavu, kisha mnara mzima ukayumba huku wapiga filimbi, ngoma na upatu waliokaa ghorofani wakiendelea kupiga bila kukosa pigo. Mvuto wa kwanza haukutosha, wala wa pili. Mianzi ikapangwa upya, maji yakamwagwa tena, na kwa mvuto wa tatu hoko ikatazama kaskazini. Harufu ya mianzi iliyolowa ilitufikia hadi safu ya tatu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mbele yangu alipiga makofi kama mtu aliyeona jambo hilo kwa mara ya kwanza, ingawa aliniambia amekuwa akija tangu utoto wake.

Nikalifuata gari mojawapo hadi lilikorudi kwenye mtaa wake, na huko nikakuta jambo ambalo aliyekaa kwenye kiti hawezi kulijua: linavunjwa siku hiyohiyo. Inaaminika kwamba magari hayo hukusanya maradhi na uchafu wote wa mji yanapopita, hivyo hayaachwi yakae nao. Kamba zilikuwa zikikatwa na mbao zikishushwa wakati watalii bado wanauliza saa ya kufika.

Kuhusu jioni za tarehe 14 hadi 16, wakati magari yanasimama mitaani yakiwa yamewashiwa fanusi za karatasi, nitakuwa mfupi: ni nzuri, na msongamano wake ni wa kutisha, hivyo wahi kabla ya jua kuzama. Baadhi ya hoko hupandwa na wageni, lakini lipo ambalo wanawake hawaruhusiwi kulipanda mpaka leo, na ni vyema dada zetu wakajua hilo mapema kuliko kuambiwa wakiwa wamefika mlangoni. Nunua chimaki, kifurushi cha majani ya mwanzi kinachotundikwa juu ya mlango kwa mwaka mzima. Kinabeba maandishi yanayosema kwamba wakazi wa nyumba hiyo ni uzao wa Somin Shorai, maskini aliyempokea mungu aliyejifanya msafiri akamgawia chakula chake duni, na kwa ukarimu huo kizazi chake kikaahidiwa kinga dhidi ya maradhi. Jina hilohilo hutumika pia kwa chakula kinachofungwa kwenye majani, nami nilifungua changu chote nikitafuta wali, huku muuzaji akinitazama kwa huruma.

Saa 12:00 jioni ya tarehe 17 usiwe hotelini. Chini ya ngazi za mawe za Yasaka hukusanyika vijumba 3 vya dhahabu viitwavyo mikoshi, ambamo miungu ya hekalu, wenye njia iliyosafishwa asubuhi, imehamishiwa, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 2. Wabebaji waliovaa nguo nyeupe huvinyanyua juu ya vichwa vyao, huvitikisa hadi vyuma vyake vilie, huku wakiitikia "hoitto, hoitto" kwa sauti ambayo huisikii masikioni tu bali kifuani. Hakuna kiti, na huhitaji tiketi. Watu walionizunguka, ambao asubuhi walikuwa wamenyanyua simu juu kila hoko ilipopita, wengi wao walizishusha.

Vijumba hivyo huzungushwa mitaani hadi usiku, kisha hupumzishwa kwenye nyumba yao ya muda kando ya barabara ya Shijo hadi tarehe 24. Anayepita hapo wiki hiyo kununua viatu au mkoba atavikuta vimeketi katikati ya maduka, taa zikiwaka, na mtu mmoja mmoja akisimama kuinamisha kichwa kabla ya kuendelea na safari yake.