Tahadhari: seti za garimoshi za mvuke zinazouzwa kama kamili ilhali zimenyofolewa vipande

Naandika tahadhari hii kwa wenzangu wanaounda na kupaka rangi modeli za garimoshi za mvuke na mabehewa yake, hasa wale wanaotafuta seti za zamani (visanduku vya sehemu ambazo mnunuzi huziunganisha mwenyewe) ambazo watengenezaji wake wameshaacha kuzitoa. Yupo muuzaji anayezitangaza mtandaoni kwa maneno "kamili, haijaguswa", naye huzinyofoa vipande vya thamani kabla ya kuzituma, kisha hutegemea desturi moja tuijuayo sote: kwamba mtu hununua seti leo, akaiweka juu ya kabati pamoja na nyingine zinazosubiri zamu, na kuifungua baada ya miezi, pengine miaka. Simtaji kwa jina, wala si kwa kumwogopa, bali kwa kuwa tangu aniuzie amekwisha kubadilisha jina la akaunti yake mara mbili, na atakayelishika jina atamkosa mtu mwenyewe. Afadhali mzijue kazi za mikono yake.

Nilinunua kwake vitu vinne kwa pamoja: seti ya injini ya mizigo ya mpangilio wa 0-6-0, yaani yenye magurudumu sita yote ya kuvuta, bila magurudumu madogo mbele wala nyuma, katika skeli ya OO (uwiano wa udogo unaotumika kwa modeli za Kiingereza), mota iliyokwisha kufungwa kwenye fremu yake, na seti mbili za mabehewa ya makaa ya Kiingereza. Alinieleza kwamba vitu hivyo ni urithi wa mjomba wake aliyepoteza nguvu ya macho, na kwamba yeye mwenyewe hajui hata sehemu ipi ndiyo dohani. Maelezo hayo yalinilegeza. Nilimwonea huruma, nikaona aibu kumsumbua kwa maswali ya kiufundi ambayo asingeweza kuyajibu, na bila shaka hiyo ndiyo kazi ya hadithi yenyewe. Alipendekeza pia nimlipe kwa njia ambayo watu hutumiana fedha kama marafiki, ili "tuepuke makato". Kwa njia hiyo, huduma ya malipo haimlindi mnunuzi, nami nililijua jambo hilo kabla ya kubonyeza. Kosa hilo ni langu.

Vifurushi vilifika kwa wakati, vimefungwa vizuri. Kisanduku cha injini kilikuwa kimebonyea kona moja, nacho kilikuwa kimezibwa kwa utepe wa gundi. Niliridhika na utepe huo bila kuutazama, na kisanduku kikakaa karibu miezi mitano. Nilipokifungua ndipo nilipogundua kwamba utepe ulikuwa mweupe na wenye kunata kama ulionunuliwa jana, juu ya kisanduku ambacho karatasi yake ilikuwa imeshageuka rangi kwa uzee. Utepe wa zamani huwa manjano, hukauka, na mara nyingi hujibandua wenyewe. Utepe mpya kwenye kisanduku kikuukuu una maana moja tu, kwamba kuna mtu aliyefungua kabla yako.

Nianze na mabamba ya shaba njano, kwa kuwa hapo ndipo wizi wake ulipoacha alama iliyo wazi zaidi. Katika seti za aina hii, sehemu za injini huchongwa kwa tindikali kwenye bamba jembamba, na kila sehemu hubaki imeshikiliwa na fremu ya bamba kwa vishikizo vidogo vya metali hiyohiyo, ambavyo muundaji huvikata mwenyewe kwa kisu au mkasi na kuvisawazisha kwa tupa. Kishikizo kikikatwa hubakiza kisiki kwenye fremu. Kwa hiyo bamba lina kumbukumbu: hata sehemu ikiwa imeondolewa, nafasi yake inabaki wazi ikiwa na umbo lake, na visiki vyake vinahesabika. Katika bamba langu palikuwa na nafasi nne ndefu na nyembamba zilizo tupu, nazo zilikuwa za fito zinazounganisha magurudumu ya kuvuta, mbili kwa kila upande kwa kuwa kila ufito huundwa kwa tabaka mbili zinazolehemiwa pamoja. Visiki vilikuwa vimekatwa nadhifu kabisa, kwa chombo chenye makali, na mtu aliyejua pa kukata. Mpwa asiyeijua dohani hakati hivyo.

Kwa asiyeunda injini, fito nne zinaweza kuonekana kitu kidogo. Ukweli ni kwamba hizo ndizo kipimo cha injini nzima, kwa sababu umbali wa matundu yake lazima ulingane na umbali wa ekseli kwenye fremu. Pakizidi au kupungua hata sehemu ndogo ya milimita, magurudumu hukwama kila yakizunguka. Waundaji wengi hutumia fito hizo kuwekea ekseli mahali pake wanapolehemu fremu. Kuzichonga upya kwa mkono kunawezekana, ila ni kazi ya siku kadhaa, na hakuna anayelipia seti kamili ili akaichonge mwenyewe.

Baada ya hapo nikazichunguza sehemu za kumiminwa: dohani, kuba la mvuke, mlango wa kisanduku cha moshi na bafa. Seti hiyo ilitoka ikiwa na sehemu za metali nyeupe, ile aloi laini ya bati na risasi ambayo hulehemiwa kwa lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi ili isiharibike. Nilizozikuta zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha, na mkononi zilikuwa nyepesi kama kifuniko cha chupa. Nilipokwangua upande wa chini kwa ncha ya kisu, ikatokea rezini ya rangi ya maziwa, yenye vitundu vya hewa palipotakiwa kuwa na vichwa vya ribiti. Huyu bwana alizichukua sehemu za asili, akazitumia kutengenezea kalibu, akamimina nakala, na nakala ndizo alizonitumia. Nakala ya nakala hupungua ukubwa na kupoteza ncha zake, na dohani yangu ilikuwa imesinyaa kiasi kwamba ilicheza juu ya boila iliyotengenezewa. Zaidi ya sura, kuna suala la uzito. Injini ndogo huvuta kwa uzito wake, na metali ile nyeupe ni sehemu ya uzito huo. Ukiweka rezini, magurudumu yatazunguka palepale mbele ya mabehewa matano.

Mota na fremu yake sina hakika kama alijua alichokiuza, nami sitaki kumtwika lisilo lake. Fremu ilikuwa ya aloi ya zinki ya kale, na ilikuwa na nyufa nyembamba kama za sahani ya udongo iliyoungua, huku ubavu mmoja ukiwa umetuna. Huo ni ugonjwa wa zinki unaojulikana tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili: uchafu katika aloi, hasa risasi, husababisha metali kuliwa kutoka ndani kwenye mipaka ya chembe zake, na unyevu huuharakisha. Hauna dawa. Fremu itaendelea kuvimba na kumeguka hata ukiipaka kitu gani. Lakini katika picha ya tangazo upande uliopasuka ulikuwa umelalishwa chini, katika picha zote tatu, na hilo nawaachia mlipime wenyewe.

Mabehewa yalikuwa na hila nyingine. Tangazo lilisema OO, na kisanduku kilisema OO, ila vilivyokuwa ndani vilikuwa vya HO, skeli nyingine iliyo ndogo zaidi. Udanganyifu huu unapita kwa urahisi kwa sababu skeli zote mbili hutembea kwenye reli ileile yenye upana wa milimita 16.5 kati ya pau zake mbili, kwa hiyo behewa litakaa kwenye njia bila kulalamika, na jicho litakuambia tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Kwa HO, uwiano ni 1:87, na reli hiyo inalingana na reli ya kweli ya milimita 1435. Kwa OO, uwiano ni 1:76.2, na reli ileile inakuwa nyembamba kuliko inavyostahili, kasoro ya zamani ambayo Waingereza wameizoea na wanaendelea kuigombania. Kilichoniokoa ni kalipa, kifaa cha kupimia hadi sehemu za milimita. Mabehewa ya makaa ya Uingereza ya aina niliyonunua yalikuwa na futi 9 kati ya ekseli na ekseli, ambazo kwa OO ni milimita 36 kamili na kwa HO ni milimita 31.5. Nilipima mara tatu, nikapata 31 na nusu mara zote tatu. Tofauti ya milimita nne na nusu haiwezi kuitwa bahati mbaya.

Nilimwandikia kwa heshima, nikiambatisha picha. Alijibu kwa upole kwamba hajui chochote kuhusu mambo haya, na kwamba huenda fito zilidondoka nilipofungua. Nilipomwonyesha visiki vilivyokatwa, upole ukaisha. Akasema miezi mitano imepita, na kwamba mnunuzi mwaminifu hukagua mzigo siku unapofika. Kwa hili la mwisho, nakiri, hakukosea. Kisha, labda kwa hasira, akaandika kwamba fito za seti hiyo "zinahitaji kupanuliwa matundu kwa rima kabla ya kulehemu tabaka zake". Mtu asiyeijua dohani alikuwa ameniambia jambo ambalo huwezi kulijua usipokuwa umeishika kazi hiyo mkononi. Baada ya hapo hakujibu tena.

Nilipouliza kwa wenzangu wachache, nilimpata mnunuzi mwingine, aliyeuziwa naye injini iliyotangazwa kuwa imeundwa na kupakwa rangi na fundi bingwa. Katika picha iling'aa. Baada ya majuma machache rangi ilianza kuinuka kwenye mishono ya boila, na chini yake palikuwa na ukungu wa kijani. Aliyeiunda alitumia kimiminiko cha tindikali cha kulehemia, hakukiosha, na hakuweka rangi ya msingi inayoshika kwenye shaba. Shaba ikaendelea kuliwa chini ya rangi. Kazi kama hiyo haitengenezeki kwa kupaka juu yake. Sharti rangi yote iondolewe hadi metali, injini isuguliwe kwa brashi na maji ya moto, ikauke, ndipo ianzwe upya. Picha za tangazo hilo, tuligundua kwa kuzitafuta mtandaoni, zilikuwa za injini ya mtu mwingine kabisa.

Kwa anayefikiria kununua kutoka kwa yeyote asiyemfahamu, ombi la muhimu kuliko yote ni picha ya mabamba yenyewe, nje ya kisanduku, yamelazwa kwenye karatasi nyeupe, pande zote mbili. Picha ya kisanduku si ushahidi, wala picha ya modeli iliyokamilika. Mwambie aweke kando ya bamba kipande cha karatasi chenye neno utakalolichagua wewe, ili ujue picha imepigwa leo na si kuokotwa mahali. Ukipata picha, ilinganishe na mchoro wa sehemu uliomo katika maelekezo, nambari kwa nambari. Kama maelekezo hayamo, uliza kurasa zake ni ngapi. Yangu yalikuwa nakala ya kurasa nne, na ya nne ilikatikia katikati ya sentensi. Sehemu za kumiminwa omba uzito wake kwenye mizani ya jikoni. Stika za kulowesha omba uzione kwenye mwanga, maana zilizozeeka huwa manjano, na ingawa wapo wanaozibandika dirishani ili jua lizipaushe, utando uliopasuka utavunjika vipande majini.

Tofautisheni pia upungufu wa hila na upungufu wa kawaida. Seti nyingi za shaba ziliuzwa tangu mwanzo bila magurudumu, bila mota na bila giaboksi, na muuzaji anayesema hivyo waziwazi hana kosa. Kuna vilevile warithi wa kweli wasiojua wanachokiuza, na nimewahi kununua kwao bila shida. Tofauti yao na huyu ni kwamba ukiwaomba picha wanapiga, hata kama wameshika bamba juu chini. Nami nilipomwomba huyu picha ya ndani, kabla sijalipa, alijibu kwamba kufungua kisanduku kungeshusha thamani yake. Lipeni kwa njia inayomlinda mnunuzi, na mzigo ukifika, ufungueni siku hiyohiyo mbele ya kamera, hata kama hamna nia ya kuunda mwaka huu.

Nimepeleka malalamiko kwa wasimamizi wa soko alikotangazia na kwa huduma ya malipo. Wa kwanza waliifunga akaunti yake, wa pili walinijibu kwamba malipo ya kirafiki hayarejeshwi. Akaunti mpya ilifunguliwa ndani ya juma moja. Jana imetangaza seti ya injini ya 0-6-0, OO, kamili, haijaguswa, na picha iliyowekwa ni ya kisanduku chenye kona moja iliyobonyea. Kisanduku hicho kiko mezani kwangu ninapoandika.