Jiko la inox la mtumba na wenzake: nilivyotumia dola 1,176 hapa Lubumbashi

Nyumba yetu ya Bel-Air ni ya zamani. Mafundi walipomaliza vigae, makabati na mabomba ya jikoni, mkononi zilibaki dola 1,400 za kununua jiko la gesi, friji na oti ya kuvuta moshi. Nilitaka vifanane na vile ninavyoviona kwenye nyumba za kule mtaa wa Golf: chuma kinachong'aa, mishikio minene, kila kitu kimekaa mstari mmoja. Nilikitaka kwa moyo wote, maana jikoni ndiko ninakoshinda.

Madukani, jiko jipya la sura hiyo lingemeza pesa yote peke yake. Yale ya bei ndogo yana sura tu. Wengi hutembea na sumaku, wanasema ikinasa basi si inox, yaani chuma kisichoshika kutu. Hapo wanajidanganya: inox ya aina ya 304 kwa kawaida hainasi, lakini ya 430, ambayo hata watengenezaji wazuri huitumia kwenye milango na pande za vyombo, hunasa vizuri sana. Mimi nilijifunza kufungua mlango na kutazama pale bati linapokunjwa kwa ndani. Kama ni rangi ya fedha iliyopakwa, ndipo inapoanza kubanduka, na chini yake kutu imeshaanza. Majiko mawili mapya niliyaacha kwa sababu ya ukingo huo.

Nikaenda kwa wauzaji wa mtumba wa Ulaya. Nilipata jiko la sentimita 90, mafiga matano, vyuma vizito vya kuwekea sufuria, limetoka Ubelgiji. Muuzaji alitaka dola 600, tukaelewana 480. Binti yangu alinishauri nichukue la kioo la umeme, la kisasa zaidi. Nikamwambia aje asonge bukari (ugali) ya watu kumi juu ya kioo, mwiko ukisukuma na sufuria ikiteleza, kisha tuongee. Na yale ya induksheni hayazitambui sufuria zetu za alumini. Yanataka chombo kinachonasa sumaku. Umeme nao ukikatika saa kumi na mbili jioni, watoto watakula nini?

Siku ya kwanza niliwasha, moto ukatoka wa njano, mrefu, unalamba sufuria mpaka kwenye masikio. Maji hayajachemka, kitako kimejaa masizi. Nikampigia muuzaji. "Mama, hiyo ni gesi yenu ya huku, ni mbaya." Nilikasirika, kwa sababu kwa jirani chupa ileile ilitoa moto wa bluu.

Fundi wa mtaani ndiye aliyeniokoa. Aliinua kichwa cha figa, akaingiza ufunguo mwembamba, akatoa kidude cha shaba ya njano kidogo kama ushanga: jikleri. Akakiweka kwenye kiganja changu, akanimulikia kwa simu nisome namba: 116. Maana yake tundu lina milimita 1.16. Jiko hilo lilikuwa limepangiwa gesi asilia, ile inayofika majumbani Ulaya kwa bomba, na tundu lake huwa kubwa. Gesi yetu ya chupa ina nguvu zaidi, hivyo inamwagika nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Masizi ndiyo unayoyaona. Kaboni monoksidi huioni wala huinusi, na inaua. Tukafunga za tundu dogo, figa kubwa likapata namba 85. Dola 25 kwa zote pamoja na kazi yake, na moto ukawa wa bluu, mfupi, unaovuma taratibu. Nilisimama pale nikiuangalia kwa muda mrefu. Muuzaji alipaswa kuniambia hilo kabla ya kupokea pesa yangu.

Friji, dola 430, nilinunua kwa macho makavu zaidi. Karatasi yake ya matumizi ya umeme iliandikwa A+. Ulaya waliacha alama hizo za kujumlisha kwenye friji tangu Machi 2021, kwa hiyo nilijua umri wake kabla muuzaji hajaniambia "ni mpya kabisa, papa alitumia miezi sita tu". Nilibana noti ya franki mlangoni nikaivuta, pande zote nne. Inapotoka bila kukaza, mpira umechoka. Tena nilikaa palepale mpaka mota ikajizima yenyewe. Nyumbani tuliiacha imesimama usiku kucha kabla ya kuichomeka, kwa sababu ilisafiri imelazwa. Nyongeza ya 45 ilikwenda kwenye stabilaiza, ya kulinda friji umeme unapopanda na kushuka, na hiyo msiibanie.

Oti ni mpya, 110. Ya kichujio cha makaa peke yake, inayorudisha hewa ndani, haiwezi harufu ya bitoyo, wale samaki wa chumvi, mtaishi nayo hadi kesho kutwa. Tulilipa 50 ukuta utobolewe na bomba litoke nje.

Zilizofanya jikoni paonekane pa gharama ni dola 36 za mwisho: mishikio ya makabati ya chuma kisichong'aa sana, ya rangi ileile ya mshikio wa oveni. Mama mkwe alipoingia aliugusa kwanza mshikio, ndipo akanisalimu.

Kimebaki kitu kimoja. Mpira wa mlango wa oveni umekakamaa upande wa kushoto, mkate unaiva upande mmoja. Mwenye kujua unakopatikana wa oveni ya sentimita 90, hapa mjini au hata kule mpakani Kasumbalesa, aniambie.