Buck 110: kagua mbao kabla ya makali

Wengi wakishika Buck 110, kisu cha kukunja cha kampuni ya Kimarekani ya Buck, hukimbilia kulijaribu bapa kwenye karatasi. Kwa mkusanyaji, huo ni mwanzo mbaya. Makali yaliyokufa yanafufuliwa na kinoo kwa dakika kumi, lakini mbao ikishapasuka ndani ya fremu imepasuka, na thamani ya kisu imeondoka nayo.

Kisu chenyewe kipo sokoni tangu 1964 na umbo lake halijabadilika sana. Bapa ni inchi 3¾, karibu sentimita 9.5, na chuma chake ni 420HC. Mpini ni fremu ya shaba ya njano yenye vipande viwili vya mbao, kila upande kimoja, vilivyolazwa ndani yake na kushikwa kwa ribiti ndogo. Uzito ni gramu 200 na kidogo. Mfukoni kinavuta suruali, ndiyo maana kinakuja na ala ya kuvaa mkandani.

Sasa mbao. Wauzaji huita kila mbao nyeusi mpingo, na hapa wanapotosha. Mpingo ni jamii ya Dalbergia. Mbao nyeusi ya matoleo ya sasa ni ya Diospyros, jamii nyingine ya miti, kutoka Kamerun, kwenye kiwanda cha mbao cha Crelicam ambacho watengenezaji wa magitaa Taylor Guitars na wenzao Madinter, wauza mbao wa Uhispania, walikinunua 2011. Huko hupokelewa pia magogo yenye mistari ya kahawia na kijivu, ambayo zamani yaliachwa yaoze msituni kwa kuwa si meusi tii. Kwa hiyo mstari wa kahawia kwenye mpini si kasoro. Mimi naupenda kuliko weusi mtupu, maana hakuna vipande viwili vinavyofanana.

Kati ya matoleo haya ya sasa na yale ya zamani ya mbao nyeusi yenye milia kutoka Asia, yalitoka mengi yenye tabaka za mbao zilizotiwa rangi na kushindiliwa kwa gundi. Si mabaya, na hayapasuki ovyo, ila yasiuzwe kwa bei ya mbao halisi. Chukua lenzi. Tabaka huonyesha mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa kama kurasa za kitabu. Mbao halisi ina vitundu vidogo vinavyoonekana kama mikwaruzo mifupi, na mistari yake inapinda inavyotaka.

Kisha funga macho, upitishe ukucha taratibu kutoka kwenye shaba kwenda kwenye mbao, pande zote nne. Ukucha usikwame. Ukikwama kwenye ukingo wa shaba, mbao imenywea. Mbao hunywea kwa upana zaidi kuliko urefu, shaba hainywei, kwa hiyo pengo huanzia kwenye pande ndefu, na ufa huanzia kwenye tundu la ribiti. Pengo jembamba kama unywele linavumilika. Ufa uliotoka kwenye ribiti hadi ukingoni, rudisha kisu.

Kufuli ni la mgongoni. Bapa likifunguka lisikike linaingia kwa mlio mmoja mkavu, na upau wa kufuli ulale sawasawa na mgongo wa mpini. Ukibaki umeinuka, mara nyingi ni vumbi na nyuzi za nguo kwenye kijino cha kufuli: toa kwa kijiti cha meno, weka tone moja la mafuta mepesi kwenye egemeo la bapa. Moja tu. Yakizidi hutambaa hadi chini ya mbao.

Kwa kazi, 420HC hainung'uniki. Inanoleka upesi kwenye pembe ya nyuzi 13 hadi 16 kila upande, ingawa haidumu na makali kama vyuma ghali. Kama ni cha kuweka kabatini, usinoe kabisa. Wala usipeleke kwenye mashine ya kung'arisha: inaviringisha kingo za shaba na kuila mbao inayozunguka ribiti, halafu mpini unakuwa na mabonde. Shaba isuguliwe kwa mkono, mbao ikiwa imefunikwa utepe wa karatasi, kwa sababu dawa ya kung'arishia ikiingia kwenye vitundu vya mbao nyeusi huacha madoa meupe yasiyotoka. Mbao yenyewe inatosha nta kidogo, kwa kitambaa.

Alama iliyo kwenye shina la bapa isomwe kabla ya kulipa. Kuanzia 1986 kila mwaka una alama yake, na mkusanyaji anayeijua habahatishi umri wa kisu.

Kama unakitaka kwa ajili ya mbao, nunua toleo la mbao halisi lenye mistari, uliloweza kulishika mkononi kwanza. Picha haionyeshi pengo.

Ala ya ngozi ni imara na nzuri, ila isiwe makazi ya kisu. Asidi ya ngozi hula shaba na kuiotesha kutu ya kijani, hasa pale chini kwenye kona ambapo macho hayafiki. Kisu kifungwe kwenye kitambaa kikavu cha pamba, ala ikae pembeni yake kwenye boksi.