Breki za Land Rover ya zamani: ununue nini kwanza, na nini kisubiri

Vua tairi la nyuma la Land Rover Series, fungua skurubu tatu za dramu (bakuli la chuma linalozunguka na tairi), igongegonge kwa nyundo ya mbao mpaka itoke. Utakuta moja ya mambo mawili. La kwanza ni vumbi kavu la kahawia, na hapo una bahati. La pili ni tope jeusi linalong'aa, lenye harufu ya oili ya difu (gia za katikati ya ekseli), na shuu, vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zimelowa chapa. Nyingi nilizofungua zilikuwa za tope jeusi, na wenye nazo walikuwa wameshaniuliza swali lilelile kabla sijashika spana: "Fundi, nikifunga diski itashika?"

Diski ni breki ya bamba la chuma linalobanwa na pedi, badala ya dramu na shuu. Mwongozo huu ni jibu langu. Nazungumzia Series II, IIA na III, gari zilizotengenezwa kuanzia 1958 hadi 1985, za 88 na za 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma). Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover mwaka 2024 tuliona ni ngapi bado zinatembea, na zinatembea kwenye milima, si kwenye maonyesho tu. Nimepanga vitu vinne kwa mpangilio wa faida unayopata kwa kila shilingi. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, nunua namba moja.

Kabla ya kwenda dukani, pima. 88 ya kawaida ina dramu za inchi 10, yaani milimita 254 kwa ndani. 109 ina za inchi 11, milimita 279. Lakini Land Rover zetu zimepita mikono mingi, na si ajabu kukuta 88 yenye ekseli ya nyuma ya 109. Kadi ya gari haitakwambia hilo. Vua dramu, weka futi, andika kipimo kwenye karatasi, nenda nacho kwenye maduka ya spea, Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, pamoja na shuu ya zamani mkononi.

Namba 1: kufufua breki ulizonazo

Anza na oili sili za habu (kitovu cha tairi), zinazozuia oili isitoke. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, na kikichoka ndicho kinachoua breki za Land Rover kuliko kingine chochote. Oili ya difu husafiri ndani ya ekseli, ikifika kwenye habu na kukuta sili imechoka inamwagikia ndani ya dramu. Ukifunga shuu mpya bila kubadili sili, shuu hizo hazimalizi msimu. Na usiishie kwenye sili. Mdomo wake unasugua pete ya chuma iliyo kwenye ekseli, na kwa miaka hamsini pete hiyo huchimbika mfereji. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, nunua na pete, la sivyo sili mpya itavuja kama ya zamani. Angalia pia kipumulio cha difu juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, difu ikipata moto inasukuma oili itafute pa kutokea, na inatokea kwenye sili.

Kwenye shuu una njia tatu, nazo nazipanga hivi. Bora ni seti mpya ya ekseli nzima, ya mtengenezaji anayejulikana, laini, yaani utando unaosugua dramu, zikiwa zimebandikwa kiwandani. Inayofuata, na siidharau hata kidogo, ni kumpelekea fundi wa laini shuu zako za asili azivike upya. Chuma cha zile za zamani ni kinene na mkunjo wake bado ni sahihi. Msisitizie mambo mawili tu: laini za kulia na kushoto zitoke kwenye kipande kimoja, na riveti zizame chini kabisa ya uso. Ya mwisho ni seti isiyo na jina inayouzwa kwenye mfuko wa nailoni. Hizo nyingi mkunjo wake haulingani na dramu. Unaweza kujihakikishia mwenyewe: paka chaki ndani ya dramu, weka shuu kwa mkono, isogeze mbele na nyuma, kisha geuza utazame. Laini nzuri inabeba chaki karibu uso mzima. Mbaya inabeba mstari mwembamba katikati, na huo mstari ndio breki yako yote mpaka isagike kwa kilomita mamia.

Silinda za matairi, zile zinazosukuma shuu, nunua mpya, kwa jozi. Najua vifaa vya kurudishia mpira peke yake vipo na ni rahisi, lakini silinda yenye vishimo vya kutu ndani itakula mpira mpya haraka, nawe utakuwa umeshajaza mafuta ya breki kwenye shuu zako mpya. Dramu kama imeota ukingo, mpelekee mtu wa leithi aichonge, ila asizidishe milimita 0.75 kwenye kipenyo. Ikihitaji zaidi ya hapo, tafuta nyingine. Mipira ya breki, yaani mabomba laini yanayopitisha mafuta, yote mitatu, badilisha bila kujadili. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani wakati nje unaonekana mzima: mafuta yanapita kwenda, hayarudi vizuri, na gari linavuta upande mmoja.

Paipu zikiwa na kutu, weka za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Zinakunjika kwa mkono na kutu haziijui, jambo linalofaa sana kwa anayekaa Tanga, Mombasa au Unguja. Hapa kuna hatari moja ya kuzingatia. Nati za gari hizi ni za inchi, uzi wa tatu kwa nane, na sokoni zinachanganywa na za milimita 10. Kwa macho zinafanana. Nati ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita 10, inazunguka, hata inakaza kidogo, halafu inaachia siku ukikanyaga kwa nguvu. Nati ikiingia ikiwa imelegea kuliko kawaida, usiilazimishe.

Neno kuhusu vumbi. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Usipulize dramu kwa kompresa, wala usimruhusu kijana wa gereji apulize. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe.

Ukimaliza yote haya bado hujapata breki mpaka urekebishe kamu. Nyuma ya sahani ya breki, ile inayobeba shuu, kuna boliti inayozungusha kamu yenye umbo la konokono. Inua tairi, zungusha boliti mpaka tairi lishikwe kabisa, halafu legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huku ukisikia shuu inagusa kwa mbali. Gari hizi hazijirekebishi zenyewe. Nimeshamwona mtu akitaka kuuza gari kwa sababu ya "pedeli ndefu", na dakika arobaini za kamu zikampa pedeli ya juu bila kununua chochote. Ukiinua tairi la nyuma kumbuka kuweka magogo kwenye matairi mengine. Handbreki ya Land Rover hii haishiki matairi, inashika propela shafti ya nyuma (inayopeleka nguvu kwenye difu), kwa hiyo tairi moja likiwa hewani difu inalizungusha na gari linaondoka huku handbreki imevutwa.

Namba 2: masta silinda ya njia mbili, pamoja na busta

Masta silinda ni pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli. Series nyingi zina njia moja ya mafuta kwa matairi yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, huna breki kabisa. Niliwahi kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na 109 ya namna hiyo, siku mbili baada ya gereji moja kunifungia mpira wa mbele uliokuwa mrefu kupita kiasi. Kwenye kona mpira ukawa unasugua tairi, ukakatika. Pedeli ilikwenda chini mara moja, bila kunionya. Nilirudisha gia mpaka ya kwanza, nikaliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlimani, likasimama likiwa limekwaruzika ubavu mzima. Abiria wangu alikuwa mama yangu mzazi.

Masta ya njia mbili inatenga mbele na nyuma, ili upande mmoja ukipotea ule mwingine ubaki. Kwangu hilo lina thamani kuliko diski yoyote. Ilifungwa kiwandani kwenye baadhi ya Series III pamoja na busta, kwa hiyo inawezekana kupata seti ya mtumba kwenye gari lililokatwa. Ukiipata, chukua na boksi lake la pedeli, maana lile la masta ya kawaida halipokei busta. Chukua boksi, busta na paipu vya mtumba, lakini masta yenyewe nunua mpya.

Busta nayo tuielewe vizuri. Inapunguza kazi ya mguu, haiongezi uwezo wa shuu zilizolowa oili. Pia inahitaji mvuto wa hewa. Injini ya petroli inautoa kwenye manifoldi. Kwenye dizeli hautoshi, inahitajika pampu ya vakyumu ya kuvuta hewa. Kama gari lako limeshawekewa injini ya Isuzu au Toyota ya dizeli, tazama nyuma ya alteneta, kwani nyingi zina pampu hiyo tayari na unahitaji mpira wa kuunganisha tu.

Namba 3: dramu za inchi 11 mbele, kwa mwenye 88

Mwenye 109 aruke sehemu hii, anazo. Kwa 88 haya ndiyo mabadiliko ninayoyapenda, kwa sababu kila kitu ni cha Land Rover na spea zake zipo. Breki za mbele za 109 zina silinda mbili kila tairi, na shuu zote mbili zinajikaza zenyewe gari linapokwenda mbele, wakati za inchi 10 ni shuu moja tu inayofanya hivyo. Tofauti unaisikia kwenye mteremko wa kwanza.

Unanunua sahani, dramu, shuu, springi na silinda nne, vyote vya mbele. Kila tairi litakuwa na kamu mbili za kurekebisha, moja kwa kila shuu. Hakikisha na masta inalingana na silinda hizo, kwani ukibaki na ndogo pedeli itakuwa ndefu. Na ujue kwamba ukirudi nyuma kwenye mlima breki hizi hushika kidogo kuliko ukienda mbele. Anayepakia mzigo kwenye vilima azoee hilo kabla.

Namba 4: diski

Diski ni nzuri. Hazihitaji kamu, hukauka haraka baada ya kuvuka mto, na kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, mkoani Iringa, hazichoki kama dramu. Zipo seti zilizotengenezwa kwa ajili ya Series, mfano za Zeus ya Uingereza na Heystee ya Uholanzi. Nimeziweka mwisho kwa sababu ya bei, ongeza usafiri na ushuru, na kwa sababu sili mbovu italowesha pedi kama ilivyolowesha shuu. Anayestahili kuzinunua ni yule aliyeongeza nguvu ya injini na anakwenda mwendo wa barabara kuu kila wiki, na ambaye namba 1 na 2 ameshazimaliza. Muulize muuzaji kaliipa (kibanio cha pedi) na pedi ni za gari gani, na rimu zako zitaingia au la. Kama pedi hazipatikani mjini kwako, agiza seti mbili za ziada siku hiyohiyo. Busta kwenye diski ni lazima kwa maoni yangu, maana diski haijikazi yenyewe kama shuu na mguu utachoka.

Mafuta ya breki

Chukua DOT 4, chupa iliyofungwa. Ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, DOT 3 kuanzia 205. Zote mbili hunywa unyevu wa hewa na kiwango hicho hushuka, ndiyo maana chupa iliyofunguliwa mwaka jana haifai. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo. Na asikudanganye mtu kuongezea oili ya injini au ya pawa stiringi "kwa kufika nyumbani tu": mipira yote ya mfumo huvimba, na utanunua masta, silinda na mipira upya.

Baada ya kufunga, toa hewa ukianzia tairi la mbali na masta. Jaribu kwanza uwanjani, kwa mwendo wa kutembea, kisha kwenye barabara tambarare isiyo na watu. Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari, kaza kamu tena kwa kuwa shuu zimeshajikalia kwenye dramu, na umulike tochi upande wa ndani wa matairi ya nyuma. Ukiona mchirizi wa oili unaoshuka kwenye rimu, fungua siku hiyohiyo.