Mombasa na rafiki aliyefiwa: pa kula, pa kukaa, pa kuondokea

Hoteli za Mombasa hupimwa kwa biriani, kwa upepo wa bahari au kwa bei ya kamba. Hapa tunapima jambo jingine: mfiwa akikaa pale, machozi yakamjia na tonge mkononi, anaweza kuinuka akaondoka papo hapo? Kwa kipimo hicho mihogo ya bustani ya Mama Ngina, ufukweni, inaishinda karamu ya jahazini, na banda la mahamri linaishinda hoteli ya nyota tano. Ladha inakuja baadaye. Mtu ambaye hajalala vizuri tangu mazishi hatamaliza sahani hata ukimpikia nani.

Kabla ya tiketi, hesabu siku. Mjane Mwislamu yuko edani miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba mpaka ajifungue. Safari ya kupunga upepo haimhusu katika muda huo, hata kama wewe unamwonea huruma kukaa ndani. Mpelekee samaki wa kupaka nyumbani, mle naye. Kwa wengine, wakati mzuri si wiki ya matanga. Siku hizo nyumba imejaa, sufuria hazishuki jikoni, na mfiwa ana watu wa kumwambia ale. Shida huanza jamaa wakisharudi makwao, viti vya kukodi vikapakiwa na hema likang'olewa. Hapo ndipo safari ya siku mbili au tatu ina maana.

Kwa anayetoka Nairobi, tiketi ya SGR, treni ya Nairobi–Mombasa, hukatwa kwa *639# na kulipwa kwa M-Pesa. Kata wewe za wote wawili, kwa jina na nambari kama zilivyo kwenye kitambulisho, na usiku wa kuamkia safari mpigie umwambie akitie mfukoni. Akili ya mfiwa huvuja vitu vidogo, na bila kitambulisho halisi stesheni hamvuki. Mfike saa nzima kabla: mizigo hupangwa chini mbwa wainuse, kisha ipite mashineni. Kisu cha matunda hakivuki, kwa hiyo embe na nanasi zikatwe nyumbani na kutiwa kwenye kopo. Zibebeni kweli, kwa sababu njaa ya mfiwa huja ghafla na kuondoka ghafla, haingoji kitoroli cha vitafunio.

Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Tofauti hiyo kwa msafiri wa kawaida hatuitetei. Kwa mfiwa tunaitetea. Viti vya daraja la kawaida hutazamana, watatu upande huu wa njia na wawili upande ule, na mtu huweza kukaa goti kwa goti na asiyemjua kwa saa tano au sita. Abiria wetu nao ni wachangamfu; kabla ya Athi River mmoja wao ameshauliza mnaenda harusi ya nani. Kama pesa hazitoshi, mweke dirishani, wewe kaa kando yake uwe ukuta, na maswali uyajibu wewe. Chagua treni ya asubuhi ya saa mbili. Husimama Mtito Andei, Voi, Mariakani na kwingine, kwa hiyo macho yanapata kazi, na mnafika Miritini, stesheni ya Mombasa, bado mchana. Ya usiku, inayoondoka saa nne, hukutupa stesheni kabla ya alfajiri, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mtu anayekesha na mawazo. Iache hata kama imebaki hiyo peke yake. Ahirisheni siku moja.

Kutoka Miritini hadi kisiwani, teksi ya kuitisha kwa simu inafaa ukiwa na mizigo. Mkishafika mjini, tuktuk ndiyo bora. Elewaneni bei kabla ya kupanda. Ina kelele, ina upepo, na hakuna anayetarajia mazungumzo humo ndani.

Sasa Mama Ngina, ambayo wenyeji wengi bado huiita Lighthouse. Bustani ilitengenezwa upya na kufunguliwa 2019, mibuyu ikaachwa ilipokuwa. Tunaipa nafasi ya kwanza na hatuoni ya pili iliyo karibu. Kwanza, mnakaa ubavu kwa ubavu mkitazama mlango wa Kilindini, meli za makontena zikipita karibu mno. Mtu aliyefiwa husema mambo akitazama mbele ambayo hawezi kuyasema akitazamwa usoni. Pili, hakuna menyu. Kuchagua kitu kimoja kati ya arobaini ni mzigo kwa mtu ambaye majuzi alichagua jeneza au sanda. Hapa ni mihogo, ndimu, pilipili, basi. Tatu, unalipa ukipewa. Mkitaka kuondoka, mnaondoka.

Kuna namna ya kuagiza. Mihogo ya kuchoma muuzaji huipasua katikati na kuipaka pilipili na ndimu. Krips hukaangwa na kunyunyiziwa. Mwambie ndimu aitie, pilipili aiweke kando kwenye karatasi. Tumbo lililokaa siku kadhaa kwa chai ya rangi na panadoli likipigwa pilipili ya Mombasa litalipa kwa kiungulia usiku kucha. Ingawa, tukiri, pilipili ina faida yake: inampa mtu sababu ya kulia hadharani. Agiza fungu moja la kushirikiana, si mawili. Dafu liwe moja kwa kila mtu na lisisahauliwe, kwa sababu joto la hapa lina unyevu, mfiwa hanywi maji ya kutosha, na kizunguzungu kinachofuata watu hukidhania huzuni.

Siku ni Jumatatu hadi Alhamisi, baada ya saa kumi na moja jioni. Jumamosi na Jumapili watu hufurika, na maharusi huja kupiga picha chini ya mibuyu. Kwa aliyefiwa na mume au mke, shela moja likipita mbele yake jioni yote imekwisha. Mvua za masika, Aprili na Mei, nazo huharibu mpango, maana pa kujibanza ni pachache.

Asubuhi, nendeni Mji wa Kale. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula laini, hakihitaji kutafunwa sana, na hamri moja tu na vijiko vichache vya mbaazi tayari ni kifungua kinywa cha kueleweka. Mkifika mapema mnapata za moto. Mahamri yakipoa hukakamaa, na mfiwa akikutana na kitu kigumu kinywani hukirudisha sahanini asikiguse tena. Jioni muuza kahawa hupita na dele lake. Kahawa tungu kikombe kimoja na kashata inatosha. Usimnyime, ila isivuke Magharibi, usingizi wake ni wa taabu tayari.

Hoteli za ndani za Kibokoni na Makadara zina faida tatu: chakula huja upesi, pombe haiuzwi, na kula kwa mkono hakumshangazi mtu. Udhaifu wao uko kwenye saa na harufu. Ijumaa, kuanzia kama saa sita hadi saa nane, nyingi hufungwa kwa ajili ya swala. Ramadhani mchana kutwa hakuna kitu. Na jioni, karibu na Magharibi, maduka na hoteli nyingi hufukiza ubani au udi. Kwa mgeni ni harufu nzuri ya mji. Kwa aliyekaa karibu na maiti ya mama yake wiki tano zilizopita, ubani na marashi ya mawaridi ni chumba kile kile. Hakuna la kumlaumu mwenye hoteli. Kaeni meza za nje barabarani, zilizoko upande upepo unakotoka, au mle saa kumi kabla chetezo hakijawashwa.

Biriani na pilau ziachwe siku ya kwanza. Ndizo alizokula kwenye hitma, na hata Mkristo wa bara huenda alipakuliwa pilau na kamati ya mazishi akiwa amesimama kaburini bado kimawazo. Agiza wali wa nazi na samaki wa kupaka, au mkate wa mofa na supu. Na ukiweza, agizeni kwa sinia moja. Wengine hushauri kila mtu na sahani yake ili mfiwa asibanwe. Sisi tunaona kinyume: kwenye sahani yake, wali uliobaki unaonekana na weita atauliza kama chakula kilikuwa na kasoro, kwenye sinia hakuna anayejua nani kala tonge ngapi. Kitakachobaki, mwambie akufungie. Saa nne usiku atakitaka.

Anayetaka vitafunio tu, Blue Room ya Barabara ya Haile Selassie, iliyoanza 1952, ina sambusa na aiskrimu, na mtu mzima aliyefiwa kula aiskrimu saa tano asubuhi si kosa.

Hoteli kubwa za Nyali zinazotazama mkono wa bahari, Tamarind ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi kwa vyakula vya baharini, zinafaa siku ya pili, mchana, zikiandaliwa kwa simu. Omba meneja, useme hivi: "Tuko wawili, mwenzangu amefiwa. Tunaomba meza ya pembeni, mbali na spika, na viti viwili tu." Viti viwili tu si mapambo ya sentensi. Meza ya watu wanne ikikaliwa na wawili, kiti kimoja kati ya vile vitupu kitakuwa cha marehemu kabla supu haijafika. Uliza pia kama kuna meza ya bethidei siku hiyo, maana wahudumu wakitoka na ngoma na keki hawachagui wa kumfurahisha. Na usiruhusu habari iende kwa wafanyakazi wote. Pole kumi kutoka kwa watu kumi wenye trei ni matanga mapya.

Chakula cha jioni jahazini hatukipendekezi. Taa ni nzuri, muziki ni mzuri, chakula chenyewe hakina ubaya. Lakini nanga ikishang'olewa mko majini kwa muda wa watu wengine, mkizungukwa na wapenzi wanaosherehekea ndoa, na pa kwenda kulia ni choo kimoja. Kamwe usimpeleke huko.

Ngome ya Yesu pia ina angalizo. Mpangilio wake wa tangu 1593 unapendeza, ila waelekezi hupenda kunogesha habari za kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698, njaa na maradhi yaliyowamaliza watu ndani. Ingieni bila mwelekezi, au mwambieni asimulie milango na mizinga.

Kama aliyekufa alikufa maji, usivuke naye Likoni. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini msongamano wa kushuka kwenye njia ya mteremko ni mkali, na Mombasa haijasahau feri ya Mtongwe, Aprili 1994, walipozama zaidi ya watu 270. Mkitaka kwenda Diani piteni barabara ya Dongo Kundu. Ni ndefu kidogo, na hamguswi na feri.

Bili lipa wewe, kaunta, mnaponawa mikono, kabla haijaletwa mezani. Mfiwa ametoka kwenye bili za hospitali na mochari na daftari la michango. Karatasi yenye jumla chini haimfai kwa sasa. Mwambie mapema, kabla ya safari, kwamba chakula ni juu yako, ili asikae akihesabu. Picha msipige za chakula, na kwenye status zisiende kabisa. Shangazi mmoja akiona kamba na bahari wakati kaburi halijawekwa msalaba au halijaota nyasi, maneno yatamfuata hadi kwenye kikao cha urithi.

Mezani, "jikaze" na "kazi ya Mungu haina makosa" ziache mlangoni, ameshazisikia. Mtaje marehemu kwa jina lake. "Juma angekula hii?" ni swali jema kuliko "unajisikiaje?", kwa sababu lina jibu. Akianza kulia usimwambie anyamaze wala usimwite weita alete maji. Sogeza leso, endelea kula polepole. Mkono wako ukisimama, meza yote itageuka kumtazama.

Siku ya kurudi, treni ya saa tisa inataka mwe Miritini kabla ya saa nane, na njia ya kutoka kisiwani ina malori, kwa hiyo tokeni mjini saa sita. Njiani nunueni haluwa nusu kilo, iliyofungwa vizuri isivuje mafuta begini. Iwe mkononi mwake, si mwako: nyumbani watamuuliza kawaletea nini, na hilo ni swali analoweza kulijibu.