Chupa ya lita mbili yenye alama za saa: maoni ya fundi cherehani

Chupa kubwa za plastiki zenye alama za saa ubavuni zimejaa Kariakoo, na sasa hata machinga wa huku Mbagala Rangi Tatu wanazitembeza. Yangu ni ya zambarau inayofifia kuelekea pinki, ina mkanda wa kushikia, kifuniko cha kubonyeza na mrija laini ndani. Muuzaji alianza na shilingi 15,000, tukavutana, nikaichukua kwa 9,000. Nimekaa nayo mezani msimu wote wa joto, wakati wa nguo za harusi na sare za shule, kwa hiyo naielewa vizuri.

Naanza na kuvuja, maana kwa kazi yangu hilo ndilo la kwanza. Mezani kwangu kuna cherehani, ovaloki pembeni, na vitambaa vya watu vimepangwa kila upande. Tone moja la maji likidondokea satini linaacha duara, na ukikimbilia pasi ndiyo unalikaza kabisa. Kabla sijaiamini chupa niliijaza, nikaifunga, nikailaza juu ya gazeti mpaka asubuhi. Gazeti halikuloa hata pembeni. Kinachofanya kazi hiyo ni mpira mwembamba wa duara ulio ndani ya kifuniko. Ukiutoa kuosha, urudishe kwenye mfereji wake mpaka ukae bapa. Ukipanda upande mmoja tu, maji yanapita. Jirani yangu anayeshona mapazia alinunua ya bei ya chini zaidi, ya namna hiihii, na mpira wake ulilegea mapema. Sasa anaiweka sakafuni, mbali na kazi.

Mrija siupendi. Ndani yake unaota utelezi, baadaye unakuwa mweusi pale juu unapokunjwa, na brashi ndogo ya kuusafishia haiji na chupa. Nimeutoa, nanywea mdomoni.

Jambo la maji ya moto lisemwe wazi, kwa sababu wengi wetu tunachemsha maji ya bomba. Chini ya chupa yangu kuna pembetatu yenye namba 7. Hilo ni kundi la plastiki za aina nyinginezo, namba haikuambii ni plastiki gani hasa. Kwa hiyo simimini maji ya moto humo na siiachi juani. Nachemsha usiku, yanapoa kwenye sufuria lililofunikwa, asubuhi najaza. Jirani huyohuyo wa mapazia alimimina yangali ya vuguvugu kali, chupa ikajipinda kiunoni na haijasimama wima tena.

Kipimo chake je? Nilimimina humo chupa nne za dukani za nusu lita, maji yakasimama juu kidogo ya mstari wa 2000. Kwa chupa ya bei hii nimeridhika. Upande wa pili ndiko ziliko saa, kuanzia 7 ya asubuhi, yaani saa moja yetu, kisha kila baada ya saa mbili mpaka saa tatu usiku. Wino wa saa unavumilia sabuni na kitambaa, lakini ukitumia waya wa kuoshea masufuria unafutika.

Sasa niseme kuhusu hicho inachoagiza. Chupa inamwambia kila aliyeinunua anywe lita mbili kwa siku, bila kuuliza mnywaji ni nani, anafanya kazi gani na amekula nini. Mimi nashona suti, najua hakuna kipimo kimoja kinachowakaa watu wote kifuani, na maji ni vivyo hivyo.

Hii habari ya kwamba kila mtu anywe glasi nane kwa siku, yaani karibu lita mbili, nimeisoma kwa kirefu, maana wateja wananiuliza kila wakiiona chupa. Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu kwa siku. Palepale ikaongeza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Watu wakabeba sentensi ya kwanza, ya pili wakaiacha. Mwaka 2002 daktari wa figo Heinz Valtin alipekua maandiko ya kitaalamu akitafuta ushahidi kwamba mtu mzima mwenye afya, asiyefanya kazi za kutoa jasho, ni lazima anywe glasi nane. Hakuupata.

Viwango vinavyotumika leo vinahesabu kila kitu: maji yenyewe, chai, uji, mchuzi, matunda. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilitaja lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume. Wataalamu wa Marekani mwaka 2004 walitaja 2.7 na 3.7, wakakadiria kwamba karibu moja ya tano hutoka kwenye chakula. Chai imo kwenye hesabu, kahawa imo. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na bakuli la mchicha wa nazi na maharage yenye rojo nalo lina mchango wake. Mtu aliyekunywa uji asubuhi, akala wali na mchuzi mchana na kipande cha tikiti jioni, hana haja ya kujilazimisha alama ya mwisho kabla ya kulala.

Lakini angalia, hivyo viwango vya Ulaya viliwekwa kwa hali ya hewa ya wastani na kazi za wastani. Fremu yangu ina bati juu, haina dari, na mchana natumia pasi ya mkaa umeme ukikatika. Januari na Februari gauni ninalovaa linaloa mgongoni kabla ya saa sita. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa uliopima maji yanayoingia na kutoka mwilini kwa watu 5,604 wa nchi 23, kuanzia mtoto wa siku nane mpaka mzee wa miaka 96. Waliona tofauti kubwa sana kati ya mtu na mtu. Wanaoishi kwenye joto na unyevu na wanaofanya kazi za mwili wanapitisha maji mengi zaidi kuliko wanaokaa mahali penye baridi. Kwa hiyo kijana anayebeba marobota ya mitumba pale stendi, lita mbili anaweza kuzimaliza kabla ya jua la mchana, na chupa isimwambie imetosha. Mtu wa ofisi yenye kiyoyozi naye asione vibaya ikibaki nusu.

Ninachofuata mimi ni kiu, na rangi ya haja ndogo. Ikiwa njano iliyopauka, niko sawa. Ikiwa imekolea na harufu imepanda, naongeza.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo chupa imetusaidia kweli, sisi wanawake wa hizi fremu. Hatunywi maji kwa makusudi. Choo ni cha kulipia, shilingi 300 kila ukiingia, kiko ng'ambo ya barabara nyuma ya maegesho ya bajaji. Ukitoka unamwachia nani mashine na kitambaa cha mtu? Basi tunabana. Mama anayekaanga chapati anabana, dada wa saluni anabana, na anayebana hanywi. Matokeo yake kila mwezi kuna mmoja wetu anatoka duka la dawa na vidonge vya njia ya mkojo. Chupa ilipokaa mezani tuliliona hilo kwa macho. Saa saba mchana, joto limepanda, maji yako palepale kwenye alama ya asubuhi. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba anakunywa vya kutosha.

Kuna utafiti wa mwaka 2018 ninaowasomea wenzangu. Wanawake 140 wanaosumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya kibofu, na wanaokunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likaongeza lita moja na nusu ya maji kila siku, jingine likaendelea kama kawaida. Kwa mwaka mzima walioongeza walipata wastani wa mara 1.7, wasioongeza mara 3.2. Uligharamiwa na Danone, kampuni ya Ufaransa inayouza maji, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayejua maumivu yale na bei ya zile dawa.

Kwa hiyo tulikwenda kuzungumza na msimamizi wa choo. Sasa tunalipa kwa wiki, kila mmoja fungu lake, tunaingia tunapohitaji. Tunaachiana fremu kwa zamu. Bila mpango huo chupa ingekuwa pambo. Nawaambia wenye masoko na wenye majengo ya fremu: mkitaka wanawake wafanye kazi wakiwa na afya, choo kiwe karibu, kiwe safi, kifungwe kwa ndani na kiwe na maji.

Wapo ambao alama za saa haziwafai kabisa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepewa kiasi na daktari wake afuate kiasi hicho, asiitazame chupa. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji, maziwa ya mama yanamtosha, hata Februari. Anayenyonyesha ndiye wa kuongezewa. Wale wa Ulaya wanataja kama mililita 700 juu ya kiwango cha kawaida, na dada anayenidarizia majoho ameniambia kiu humshika palepale mtoto anaposhika titi. Wazee nao wana shida ya peke yao: kiu inapungua kadiri umri unavyosogea, wakati haja ya maji iko palepale. Mama yangu haombi maji. Ukimuuliza anasema hana kiu, ukimwekea kikombe mkononi anamaliza. Kwake ile mistari ya saa ina faida, kwa sababu mjukuu akitazama anajua bibi amekunywa au hajanywa.

Mwezi wa Ramadhani alama ni bure, lakini chupa yenyewe ni nzuri. Naijaza Magharibi, nafuturu kwa maji na tende na uji, kisha nakunywa kidogo kidogo mpaka daku. Kumeza lita nzima dakika za mwisho kabla ya adhana hakusaidii, mengi yanatoka kabla ya saa tatu asubuhi.

Hilo la kunywa kwa mkupuo lina hatari yake pia. Nimemwona mteja akigundua jioni kwamba amebaki nyuma alama nne, akaziteremsha zote akiwa amesimama. Figo za mtu mzima zinaweza kutoa kama lita moja kwa saa, si zaidi sana. Ukimimina nyingi kupita hapo kwa muda mrefu, chumvi ya damu inashuka. Kwenye mbio ndefu za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2002 walipima wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, hasa kwa kunywa kupita kiasi njiani. Ukikosa alama mbili, ziache. Endelea kutoka hapo ulipo.

Uamuzi wangu: kwa shilingi 9,000 inafaa, kwa 15,000 hapana. Ni nzuri kwa anayekaa sehemu moja kutwa na kusahau maji. Kwa dereva wa bodaboda ni kubwa mno, atafute ya lita moja. Chagua yenye mdomo mpana, mkono uingie na sponji. Muuzaji akikwambia haivuji, mwombe aijaze maji palepale, aifunge, aigeuze kichwa chini juu ya kiganja chako na kuitikisa. Akikataa, nenda meza ya pili.