Magemu ya mtandaoni kwa kompyuta mpakato mpya: lipi uanze nalo, lipi uliache kwanza

Magemu mengi makubwa ya mtandaoni siku hizi hupakuliwa bure. Gharama yake iko kwenye bando, kwenye nafasi ya diski na kwenye umbali wa seva. Kwa mchezaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza, hayo matatu ndiyo huamua kama utacheza au utakaa ukimtazama mhusika wako akiganda katikati ya uwanja. Uzuri wa picha, ambao ndio wauzaji husifia dukani, huja baada ya hayo. Orodha hii tumeipanga kwa mizani hiyo: mashine ya bei ya kati isiyo na kadi ya grafiki (chipu ya kuchora picha) ya pekee, intaneti ya simu au ya faiba, na umeme unaoweza kukatika saa yoyote.

Ijue mashine kabla ya kupakua

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ingia ukurasa wa Performance uangalie RAM, diski na jina la grafiki. Ukikuta Intel UHD, una mashine ya magemu mepesi. Intel Iris Xe au Radeon iliyomo ndani ya Ryzen 5 inatosha kwa nafasi zetu tatu za kwanza. Ukikuta GeForce RTX, yaani kadi ya pekee, kikwazo chako kitakuwa intaneti, si kompyuta.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii ni idadi ya vijiti vya RAM. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe, hutumia ile ya kompyuta. Mashine nyingi za bei nafuu huja na kijiti kimoja cha GB 8, kwa hiyo data yote hupita njia moja. Ukiongeza kijiti cha pili cha ukubwa na kasi ileile, njia zinakuwa mbili na magemu hupata nguvu unayoiona kwa macho bila kugusa kitu kingine. Kwenye ukurasa huohuo wa Task Manager, sehemu ya Memory, utaona kama nafasi iliyotumika ni moja kati ya mbili. Kabla ya kwenda dukani hakikisha ni DDR4 au DDR5, maana haziingiliani, na uhakikishe RAM haijachomelewa kwenye bodi. Mashine nyembamba nyingi zimechomelewa, na hapo huna la kuongeza.

Diski ya SSD ya GB 256 ikifunguliwa huonyesha GB 238. Windows na masasisho yake huchukua sehemu kubwa ya mwanzo. Gemu moja la GB 85 likiingia, umebaki na nafasi ya gemu jingine la kati na picha zako za harusi, basi. Mashine yenye eMMC, diski ya polepole iliyochomelewa kwenye bodi, ya GB 64 usiinunue kwa ajili ya magemu, hata muuzaji akupunguzie vipi.

Cheza chaja ikiwa imechomekwa, kwa kuwa kompyuta hujibana nguvu ikiwa kwenye betri. Chaja ya bandia yenye wati pungufu huleta tatizo hilohilo, na wengi hulaumu gemu. Joto nalo: prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, ndiyo maana gemu huenda vizuri dakika kumi kisha likaanza kukokota. Inua sehemu ya nyuma ya kompyuta sentimita mbili au tatu, na usiiweke juu ya godoro.

Pingi ndiyo hakimu

Pingi ni muda ambao ujumbe hutumia kutoka kwako hadi kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde. Chini ya 80 utacheza chochote. Kati ya 80 na 130 magemu mengi yanachezeka. Ikipita 150, magemu ya kulenga na kupiga risasi yanakuwa mateso: unamwona adui, unafyatua, kumbe ulishakufa.

Usidanganywe na tovuti za kupima kasi. Hizo huchagua seva ya jirani, zikakuonyesha pingi ya 8, wakati seva ya gemu lako iko Frankfurt. Kutoka Afrika Mashariki hadi Johannesburg njia nzuri huwa chini ya 100, na Ulaya mara nyingi ni 130 hadi 180. Bahrain na Dubai ziko karibu zaidi kwenye ramani, lakini kuna watoa huduma wanaoipitisha data yako Ulaya kwanza, kwa hiyo amini tu namba inayoonyeshwa ndani ya gemu lenyewe. Na siku namba zote zinapoharibika kwa pamoja, huenda kebo ya baharini imekatika. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika kwa wakati mmoja upande wa Afrika Kusini.

Ukitumia simu kama chanzo cha intaneti, iunganishe kwa waya wa USB badala ya hotspoti. Kasi ya kupakua inaweza isibadilike, lakini pingi itatulia, na pingi iliyotulia kwenye 100 ni bora kuliko inayoruka kati ya 60 na 300.

1. Rocket League

Magari yanacheza mpira. Mechi ni dakika tano na muda wa nyongeza wa bao la dhahabu, na hilo peke yake limeipandisha juu ya orodha: umeme ukikatika hujapoteza saa nzima, na adhabu ya kuondoka kwenye mechi huanza na dakika chache za kusubiri. Lina seva za Afrika Kusini, linahitaji GB 20 hivi za diski, na limekuwa bure tangu Septemba 2020. Wachezaji wapya hulipata kupitia Epic Games, duka la magemu la mtandaoni, hivyo usipoteze muda kulitafuta Steam, duka jingine la aina hiyo.

Kwenye Iris Xe weka ukubwa wa picha 1280 kwa 720, ubora wa chini, zima vivuli na ukungu wa mwendo, kisha funga fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye 60. Ukiacha fremu bila kikomo mashine itapata joto bure. Kwenye uchaguzi wa kanda weka alama Afrika Kusini, uongeze Mashariki ya Kati pale foleni inapokuwa ndefu. Ukiweka alama kanda zote, gemu linaweza kukutupa mbali, nawe ukadhani mtandao wako umeharibika.

Kibodi inatosha kujifunzia, lakini padi, kidhibiti cha mkononi chenye vitufe, husaidia sana magari yanapoanza kuruka. Nunua yenye waya. Zile za Bluetooth za bei rahisi huchelewesha amri.

2. Dota 2

Timu mbili za watu watano hupigana kubomoa ngome ya wenzao. Hakuna gemu la bure linalokupa vingi hivi. Wahusika wote wako wazi tangu siku ya kwanza na kinachouzwa hasa ni mapambo. Seva ziko Johannesburg na Dubai, na kwenye mipangilio utaona pingi ya kila kanda kabla ya kutafuta mechi. Hata Intel UHD inalimudu kwa ubora wa chini.

Tatizo ni muda. Mechi moja huchukua dakika 35 hadi 50, na ukikatika kwa jumla ya dakika tano mfumo unakuhesabu umetoroka. Ukirudia, unapelekwa kucheza na watoro wenzako mpaka umalize adhabu. Mahali penye mgao wa umeme, ruta yenye UPS (betri ya akiba) ndogo au simu yenye bando la akiba si anasa. Jambo la pili ni kwamba gemu hili ni gumu kweli. Mechi zenye cheo hufunguka baada ya saa 100 za kucheza, na saa hizo unazihitaji. Anza na roboti, wahusika watatu tu, kabla hujaenda kutukanwa na watu.

Steam inataka GB 60 za nafasi. Usiku wa manane kanda ya Afrika Kusini huwa na watu wachache, kwa hiyo foleni itakuwa ndefu.

3. Minecraft

Hili la kuchimba na kujenga kwa vitalu linalipiwa: dola 29.99 kwa kompyuta, na ununuzi huo unakupa matoleo mawili, Java na Bedrock. Tofauti yake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bedrock hucheza na wenye simu na konsoli. Java hucheza na Java tu, lakini ndilo lenye nyongeza nyingi zinazotengenezwa na wachezaji, mojawapo Sodium inayoongeza fremu sana kwenye grafiki dhaifu. Punguza pia umbali wa kuona hadi 8; huo ndio mpangilio unaokula mashine kuliko yote.

Sababu ya kuliweka hapa ni ruta. Mkishaingia kwenye akaunti zenu, mmoja anafungua dunia yake kwa mtandao wa ndani, wengine nyumba hiyohiyo wanaingia, na mchezo wenyewe haugusi bando. Kwa familia yenye watoto watatu na kifurushi kimoja, bei yake inarudi upesi.

Usinunue akaunti ya bei ya kutupa kutoka kwa mtu wa Telegram. Nyingi zimeibwa, mwenyewe akirudi anaichukua, na pesa yako imekwenda.

4. Lichess

Chesi, kwenye kivinjari, bure, bila matangazo, bila kusakinisha chochote. Kwa mashine dhaifu na bando la kubana hili lingekuwa la kwanza. Seva ziko Ulaya, lakini mfumo hufidia sehemu ya ucheleweshaji kwenye saa yako, hivyo mechi za dakika tatu na sekunde mbili za nyongeza zinachezeka vizuri kabisa. Mechi za dakika moja, hapana.

Yanayofuata yana masharti

eFootball tumelipa nafasi ya tano, na tunajua mashabiki watalalamika. Ni bure, kila mtu analijua, lakini toleo la kompyuta linahitaji RAM ya GB 8 na grafiki yenye nguvu kuliko UHD. Mechi za wawili huunganisha kompyuta na kompyuta moja kwa moja. Maana yake ukicheza na mtu wa mji wako utafurahia. Ukipangiwa mwenye Wi-Fi mbovu, ubovu wake ni wako pia. Bila padi usijaribu.

Counter-Strike 2, la risasi, lina seva Johannesburg, na kwa pingi lingestahili nafasi ya juu. Linaangushwa na uzito: GB 85, na grafiki ya ndani hupoteza fremu kila moshi unaporushwa. Mwenye RTX alipandishe hadi nafasi ya pili. Mechi zenye cheo na zenye wadanganyifu wachache zinahitaji hadhi ya Prime, dola 14.99.

Fortnite, la risasi pia, ni la saba. Lina mpangilio maalumu wa utendaji unaopunguza picha ili mashine ndogo zimudu, uwashe mapema. Seva za karibu ni za Mashariki ya Kati na Ulaya, na masasisho yake ni makubwa na ya mara kwa mara. Mwenye bando la wiki ataishiwa kabla hajacheza.

Valorant ni jepesi kwa mashine kuliko yote ya risasi, ila programu yake ya kuzuia udanganyifu, Vanguard, huwaka pamoja na Windows. Kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta. Kompyuta ya mtumba iliyolazimishwa kuwekwa Windows 11 itakataliwa, na ujumbe wa kosa hauelezi vizuri sababu.

Kupakua bila kumaliza kifurushi

Intaneti ya Mbps 10 hushusha megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo GB 60 ni zaidi ya saa 13. Tafuta rafiki mwenye gemu. Steam, tangu 2023, huweza kuhamisha faili kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja: washeni uhamishaji wa mtandao wa ndani kwenye mipangilio ya upakuaji, kompyuta ya rafiki iwe imesasishwa na Steam ikiwa wazi, kisha bonyeza kusakinisha kama kawaida. Yatakayotoka intaneti ni machache. Kwa Epic anza kupakua, simamisha ikifika asilimia mbili au tatu, funga programu, nakili folda ya gemu kutoka diski ya nje juu ya ile iliyoanza, halafu endelea. Itakagua faili badala ya kuzipakua upya.

Baada ya hapo, weka mtandao wako wa Windows kuwa wa kulipia kwa kipimo (metered), na uipangie Steam masasisho ya usiku. Gemu lenyewe likichezwa hula data kidogo. Bando huliwa na masasisho.

Malipo

Steam na Epic hukubali kadi za Visa, zikiwemo kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia M-Pesa. Kenya hujulikana kama GlobalPay. Weka salio linalozidi bei kidogo, kwa sababu dola hubadilishwa kwa kiwango cha siku na makato huongezwa. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa mbili, kwa hiyo saa ya kwanza itumie kupima fremu na pingi, si kutazama hadithi ya utangulizi. Kadi ya mzazi usiiache ndani ya akaunti ya mtoto: toa kadi mara baada ya kununua, au weka nenosiri kwenye kila ununuzi.